Uzi: Kompyuta ya Windows na ya Linux nyumba moja, zisomane bila flashi wala bando

#1 Kidaka_Mkomani (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wadau. Tangu Windows 10 ikatiwe masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Lamu naona nyumba zinabaki na kompyuta mbili zisizofanana: moja mpya ya Windows 11, na ile kongwe ambayo Windows 11 imeikataa, ikawekewa Linux Mint au Ubuntu isije ikatupwa. Nafurahi sana kuona hivyo, maana mashine nyingi za aina hiyo bado zina miaka ya kazi mbele. Tatizo huja pale watu wa nyumba moja wanapotaka kufanyia kazi mafaili yaleyale. Flashi inaanza kupanda na kushuka ngazi, na muda si mrefu hakuna ajuaye daftari lipi la hesabu ndilo la mwisho.

Kwetu, shangazi yuko msana (ukumbi) wa chini na kompyuta ya mezani ya Linux Mint. Anaskani hati za zamani za ukoo na kuweka hesabu za nyumba ya wageni. Mpwa wangu yuko ghorofani na laptopu ya Windows 11, anahariri video za harusi na za Maulidi. Video ya harusi moja yaweza kufika gigabaiti 40, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, hata flashi yenyewe iwe kubwa namna gani.

Kabla ya lolote, hili lieleweke: mtandao wa ndani ya nyumba si intaneti. Faili likitoka kompyuta hii kwenda ile kupitia rauta yenu, halivuki mlango wa nyumba. Halili bando hata chembe. Intaneti ikikatika wiki nzima, kazi yenu inaendelea. Nimekutana na watu wanaotumiana video kwa barua pepe kutoka chumba hadi chumba, wakinunua bando kila siku, na inaniuma kwa sababu pesa ile haikuwa na haja ya kutoka.

La pili ndilo ninalolisimamia kuliko yote: chagueni kompyuta MOJA iwe mtunzaji wa mafaili, nayo iwe ile ya Linux. Wengi hufungua folda ya kugawana kila upande, Windows ikafunguliwa kwa Linux na Linux kwa Windows. Hapo mnapata sehemu mbili za kuhifadhi, kanuni mbili za ruhusa, na kosa likitokea hamjui mlitafute wapi. Mtunzaji akiwa mmoja, mkigombana na mtandao mnajua pa kuanzia.

Kuhusu lugha wanayoongea. Windows hugawana mafaili kwa itifaki inayoitwa SMB, iliyoanzia IBM mwaka 1983 kwa mkono wa Barry Feigenbaum. Linux haikuzaliwa nayo. Mwishoni mwa 1991 kule Canberra, Australia, mwanafunzi aitwaye Andrew Tridgell alikaa akachungua jinsi mashine zinavyoombana mafaili, akaandika programu yake ya kujibu maombi hayo. Ndiyo iliyokua ikawa Samba, na mpaka leo inatolewa bure. Bila Samba uzi huu usingekuwepo.

Sasa kazi. Anzeni na anwani, msianze na folda. Kompyuta zote mbili ziwe kwenye rauta moja. Upande wa Linux fungua dirisha la amri, andika:

ip a

Upande wa Windows fungua Command Prompt, andika:

ipconfig

Kila moja itakutajia anwani yake. Yetu ya Linux ni 192.168.1.20, ya Windows ni 192.168.1.35. Kwenye rauta za nyumbani, mafungu matatu ya mwanzo yakilingana basi kwa kawaida mko mtandao mmoja. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na rauta, imejitungia yenyewe. Rudi kwenye kebo au waifai, usiendelee mbele. Halafu ingia kwenye mipangilio ya rauta uihifadhie mashine ya Linux anwani yake isibadilike. Ukiliacha hili, siku rauta ikizimwa na kuwashwa mtaamka hamuonani.

Kisha kutoka Windows:

ping 192.168.1.20

Jibu likirudi, njia ipo. Ukijaribu kinyume chake, kutoka Linux kuiita Windows, huenda ukapata kimya. Usishtuke. Windows ikiuhesabu mtandao kuwa wa hadharani hunyamaza makusudi. Hiyo ni faida nyingine ya kuiweka Linux kuwa mtunzaji: Windows ikiwa ndiyo inayobisha hodi, hakuna haja ya kuifungulia mlango wowote kwake.

Sasa Samba. Katika mfano huu «shangazi» ana akaunti tayari kwenye Linux, «mpwa» tunamfungulia:

sudo apt install samba
sudo groupadd nyumba
sudo adduser mpwa
sudo usermod -aG nyumba shangazi
sudo usermod -aG nyumba mpwa
sudo mkdir /srv/nyumba
sudo chgrp nyumba /srv/nyumba
sudo chmod 2770 /srv/nyumba
sudo smbpasswd -a shangazi
sudo smbpasswd -a mpwa

Hizo mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Samba ina daftari lake la nenosiri, si lile la kuingilia kwenye Linux. Usipomwandikisha mtu huko, atabisha mpaka achoke.

Shangazi atoke kwenye akaunti yake aingie upya ili kikundi kimtambue. Kisha fungua /etc/samba/smb.conf, na mwisho kabisa wa faili ongeza:

[nyumba]
path = /srv/nyumba
valid users = @nyumba
read only = no
force group = nyumba
create mask = 0660
directory mask = 2770

Andika testparm uhakikishe hukukosea herufi, halafu:

sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow samba

Ya pili ni ya kufungua ukuta wa ulinzi, kama umeuwasha.

Nenda kwenye Windows, fungua dirisha la mafaili, na pale juu panapoandikwa njia ya folda andika:

\\192.168.1.20\nyumba

Itaulizwa jina na nenosiri. Weka «mpwa» na nenosiri ulilompa kwa smbpasswd. Folda ikifunguka, unaweza kuipa herufi, sisi tumeipa Z, iwe inajiunga yenyewe kila kompyuta ikiwashwa.

Leteni maswali. Na waliofanya kwa njia nyingine waseme pia.

#2 Fundi_Langoni

Dada Kidaka, umeeleza vizuri. Mimi kazi yangu ni kuvuta kebo, basi niongeze upande wangu, kwa sababu nusu ya nyumba ninazoitwa tatizo si Samba wala Windows, ni ukuta.

Nyumba zetu za kale ni za matumbawe na chokaa, kuta zake karibu nusu mita. Waifai ya gigahezi 5 inakufa hapo. Ya 2.4 inapenya kidogo, lakini kwa faili la gigabaiti 40 utalala ukaamka. Kwa kazi kama ya huyo mpwa, vuta kebo. Kebo ya Cat5e inapitisha gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba Mkomani inayofika urefu huo kutoka msana wa chini hadi kipaani, juu kabisa.

Msitoboe kuta. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya Unesco tangu 2001, na zaidi ya sheria, plasta ile ya chokaa ukishaichimba hairudi vile ilivyokuwa. Mimi hupitisha kebo kwa kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), ikipanda kando ya bomba la maji, ikiingia kwa dirisha. Sehemu inayopigwa na jua iwe kebo nyeusi ya nje. Ile ya kijivu ya ndani jua huila maganda.

Na mkinunua, ulizeni kama ndani ni shaba tupu. Kuna kebo rahisi za alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika ukizikunja, na pwani hapa, chumvi ikishafika kwenye ncha, hazidumu.

Niwape kisa cha juzi juzi. Mteja ana kompyuta mbili kama zenu, kila kitu kinafanya kazi, lakini kunakili video moja ya harusi kunachukua saa nzima. Nikaandika kwenye Linux:

sudo ethtool enp3s0

(jina la kadi ya mtandao mtaliona kwenye ip a) na ule mstari wa Speed ukasema 100Mb/s, wakati kadi zote mbili na rauta ni za gigabiti. Nikachomoa plagi ya upande wa kiwandani, nikaitazama kwa tochi. Meno manane ya shaba, la saba limeota kijani, limefungwa na chumvi. Mtandao wa megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6, ndiyo maana mashine hazikulalamika, zilishuka mwendo kimyakimya. Gigabiti inataka zote nane. Nikakata ncha, nikaweka plagi mpya, ethtool ikasema 1000Mb/s. Video ile ikapita kwa dakika chache.

Mpangilio wa rangi ni huu, ncha zote mbili sawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

#3 Kusi_Shela

Dada, nimefuata yote, ping inajibu, lakini nikifungua pale pa Network kwenye Windows kompyuta ya Linux haipo kabisa. Jirani ananiambia niwashe SMB 1 kwenye Windows ndipo itaonekana. Niwashe?

#4 Kidaka_Mkomani

Kaka Kusi, usiwashe. Nakuomba.

SMB 1 ndiyo toleo la zamani kabisa. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la toleo hilo kikafunga mafaili ya watu duniani kote kwa siku chache, hospitali za Uingereza zikiwemo. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi, lakini wengi hawakukiweka. Mwaka huohuo wakaanza kuacha kuiweka SMB 1 kwenye Windows 10 mpya, na Samba nao wakaizima tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019. Anayekuambia uiwashe anakurudisha huko. Hata Windows 7 haiihitaji, ina toleo la pili.

Kuhusu kuonekana: orodha ile ya Network ilitegemea njia ya zamani ya kutangazana majina, ambayo imeondoka pamoja na SMB 1. Windows sasa inasikiliza tangazo la aina nyingine ambalo Samba peke yake haitoi. Kuna programu ndogo iitwayo wsdd, ukiiweka kwenye Linux itatangaza. Lakini kwa kompyuta mbili huihitaji. Andika \\ na anwani moja kwa moja, ipe herufi, umemaliza. Kutoonekana kwenye orodha si kwamba haipo.

#5 Bahari_ya_Malindi

Salamu kutoka Malindi, huku Barani. Kwa nini kujitaabisha na nenosiri nyumbani? Mimi niliweka guest ok = yes, kila mtu anaingia tu. Ila sasa laptopu mpya ya dada yangu inakataa kuingia, zile za zamani zinaingia.

#6 Kidaka_Mkomani

Kaka, hiyo laptopu ya dada nadhani ni Windows 11 Pro ya 24H2, toleo la mwaka 2024. Kuanzia toleo hilo Windows 11 Pro inakataa kuingia kwenye folda isiyo na nenosiri, na inataka kila ujumbe wa SMB utiwe saini. Mgeni asiye na nenosiri hana cha kutilia saini. Watu wanaandikiana namna ya kulegeza kanuni hiyo kwenye Windows. Mimi naona uache kanuni, mpe dada yako jina na nenosiri. Ni amri mbili, adduser na smbpasswd.

Halafu fikiria ni nani mwingine yuko kwenye waifai yako.

#7 Fundi_Langoni

Hapo kwenye «ni nani mwingine» nakazia, hasa kwa wenye nyumba za wageni, Lamu na Malindi. Mgeni akifika, kitu cha kwanza anauliza nenosiri la waifai. Ukimpa la nyumba, yeye na kompyuta ya hesabu wako mtandao mmoja, na kwa folda ya guest kama ya Bahari, atasoma kila kitu. Rauta nyingi zina waifai ya pili ya wageni. Iwasheni. Aliye kwenye waifai hiyo anapata intaneti tu, haoni kompyuta za nyumbani.

Na kinyume chake, nimeitwa kwenye nyumba ambapo laptopu ya mwenye nyumba mwenyewe ilikuwa imejiunga waifai ya wageni. Anwani anayo, intaneti anayo, ping haijibu kamwe. Mtu anaweza kuhangaika na Samba siku nzima na kosa liko kwenye jina la waifai.

#8 Bahari_ya_Malindi

Nimewaelewa wote wawili. Nimefuta guest, nimewaandikisha watu watatu wa nyumbani. Laptopu ya dada imeingia mara moja. Shukran.

#9 Mzee_wa_Shela

Mwanangu Kidaka, mimi sina rauta. Nina simu ninayoifanya hotspot, kompyuta moja ya mezani ya Ubuntu na laptopu ya Windows ya mjukuu. Nataka kuhamisha picha zangu za miaka mingi. Je, yawezekana, na bando langu litaliwa?

#10 Kidaka_Mkomani

Shikamoo mzee wangu. Yawezekana, na bando halitaliwa.

Kwa hotspot, unganisha zote mbili kwenye simu kisha fuata hatua zilezile. Picha zitapita kwenye simu kama kwenye rauta, hazitoki kwenda kwa mtandao wa simu. Zima data ya simu wakati huo ukitaka moyo utulie. Lakini simu nyingine hazikubali kompyuta mbili kuonana kwenye hotspot, basi ping ikikataa usipoteze muda wako.

Njia bora kwako ni kebo moja, kompyuta hadi kompyuta, bila rauta. Kadi za gigabiti zinajirekebisha zenyewe, kebo ya kawaida yatosha. Zamani ilibidi kebo maalumu yenye nyaya zilizobadilishwa, na kadi kongwe sana bado yaweza kuidai. Upande wa Ubuntu, kwenye mipangilio ya mtandao wa waya, chagua kuandika anwani kwa mkono, weka 10.0.0.1, na kinyago (netmask) 255.255.255.0. Upande wa Windows 10.0.0.2, kinyago kilekile. Pale pa lango la kutokea (gateway) acha patupu pande zote mbili. Windows itasema mtandao huu hautambui na itauweka kundi la hadharani. Iache, kwa kuwa yeye ndiye anayeenda kuomba na Ubuntu ndiyo inayotoa. Mjukuu aandike \\10.0.0.1\nyumba.

Mzee, kabla hujafuta picha upande wowote, zifungue kadhaa upande wa pili, za mwanzo, za katikati na za mwisho.

#11 Mzee_wa_Shela

Mjukuu amekuja jioni na kebo, tumefanya ulivyosema. Picha zimekwenda zote, nimezifungua kama ulivyoniagiza. Mola akuzidishie, mwanangu.

#12 Pepo_za_Kaskazi

Dada, mimi ndiyo hali yenu hasa, mama ana Linux na mimi Windows. Nikiweka faili mimi, mama analihariri. Lakini faili analolitengeneza mama palepale kwenye kompyuta yake, mimi nalisoma tu, nikihifadhi naambiwa sina ruhusa. Kwa nini?

#13 Kidaka_Mkomani

Swali zuri sana hili. Ile mistari ya create mask inafanya kazi kwa mafaili yanayopitia Samba tu. Mama hapitii Samba, anaandika moja kwa moja kwenye diski yake, na Linux inampa faili ruhusa za kawaida: mwenyewe aandike, kikundi kisome. Iambie folda yenyewe kwamba kila kitakachozaliwa ndani yake kikundi kiruhusiwe kukiandika:

sudo apt install acl
sudo setfacl -R -m g:nyumba:rwX /srv/nyumba
sudo setfacl -R -d -m g:nyumba:rwX /srv/nyumba

Ya katikati inarekebisha yaliyopo, ya mwisho ni kwa yajayo. X iwe herufi kubwa, ili folda zifunguke bila kugeuza kila picha kuwa programu.

Jambo jingine kwenu wawili: msifungue daftari moja la hesabu kwa wakati mmoja, wewe kwa Excel na mama kwa LibreOffice. Kila programu ina alama yake ya kuonyesha kuwa faili limeshikwa, na si kila mara inasoma alama ya mwenzake. Semezaneni.

#14 Kusi_Shela

Nimerudi na swali zito. Mdogo wangu amefuta folda ya Maulidi kutoka Windows, kwenye ile Z. Nimetafuta kwenye pipa la taka la Windows, hakuna. La Linux, hakuna.

#15 Kidaka_Mkomani

Pole sana kaka. Kinachofutwa kupitia mtandao hakiendi kwenye pipa la Windows, na Samba isipoambiwa hufuta moja kwa moja. Acha kuandika chochote kwenye diski ile ya Linux. Izime. Ukiwa na nakala kwenye kadi za kamera, anza huko. Kama huna, programu ya PhotoRec yaweza kuokoa baadhi, lakini iendeshe kutoka flashi ya kuwashia na uokolee kwenye diski nyingine, si hiyohiyo.

Kwa wengine wote, ongezeni leo chini ya [nyumba]:

vfs objects = recycle
recycle:repository = .taka
recycle:keeptree = yes
recycle:versions = yes

Kikifutwa kupitia mtandao kitahamia kwenye folda iliyofichika iitwayo .taka, na njia yake ileile. Mkumbuke kuisafisha, isije ikajaza diski kimyakimya.

Na folda ya kugawana si akiba. Iko sehemu moja, diski ikifa imekufa na vyote. Shangazi ana diski ya nje ambayo huchomekwa Ijumaa, inanakiliwa, inachomolewa na kuwekwa kabatini. Ikibaki imechomekwa siku zote, kirusi kikiingia kitaikuta.

#16 Kusi_Shela

Kadi mbili za kamera zilikuwa bado hazijafutwa, alhamdulillahi. Nyingi zimerudi. Nimeshaweka hiyo .taka.

#17 Bahari_ya_Malindi

Na aliye na Mac? Mjomba amekuja likizo na MacBook, na printa ya nyumbani imechomekwa kwenye ile ya Linux.

#18 Fundi_Langoni

Mac si tatizo, tangu 2013 Apple nao SMB ndiyo wanayoitanguliza. Kwenye Finder, dirisha la mafaili la Mac, bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.20/nyumba, basi. Akisumbuliwa na mafaili madogo yanayoanza na nukta na mstari, ile vfs objects iwe: recycle catia fruit streams_xattr. Mstari uwe mmoja. Ukiandika wa pili, wa kwanza unafutika.

Printa, kwenye Linux iko chini ya CUPS, programu inayosimamia printa. Iruhusu igawanwe, na Mac itaiona yenyewe. Windows iongezee printa kwa anwani http://192.168.1.20:631/printers/ ikifuatwa na jina la printa kama lilivyo kwenye CUPS.

Nyongeza kwa umeme wetu. Laptopu ina betri, kompyuta ya mezani na rauta hazina. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linabaki nusu, na Windows itakaa inasubiri Z kama imeganda. Wekeni UPS (betri ya akiba ya umeme) kwenye mashine ya mtunzaji. Rauta nyingi zinakula volti 12, zina vibetri vyake, lakini someni kibandiko cha adapta kabla ya kununua.

#19 Pepo_za_Kaskazi

Setfacl imemaliza lile tatizo. La mwisho dada: mafaili mengine ya mama kwangu yanaonekana na majina ya ajabu, herufi zimechanganyika na alama ya wimbi. Kwake yako sawa.

#20 Kidaka_Mkomani

Angalia majina yake upande wa mama. Nadhani yana nukta mbili, mfano «Kikao 14:30», au alama ya kuuliza. Linux inakubali karibu kila alama kwenye jina, isipokuwa mkwaju. Windows inakataa nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota, mkwaju wa nyuma, alama za kunukuu, mstari wa wima, na zile za kubwa-kuliko na ndogo-kuliko. Samba ikikuta jina kama hilo inakutungia jingine fupi ili Windows isikwame. Faili ni zima, jina tu.

Mwambie mama aandike «Kikao 14.30». Na asiwe na «Hesabu.ods» na «hesabu.ods» folda moja. Kwa Linux hayo ni mafaili mawili, kwako Windows itafungua moja tu, na hutajua ni lipi.